Nani Anakula Maandishi ya Mama Bukari?

Jumamosi moja jioni nimekaa kwenye kiti cha plastiki huko Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, Kongo, nyuma ya nyumba, mbabula mbili, yale majiko ya makaa, ziko na moto mkali, nangoja sahani yangu, mara mwenye jiko anatokea amebeba laptopu ya binti yake mkono mmoja na simu ya mteja mkono mwingine. Laptopu anaiweka juu ya mfuko wa unga. Simu ananisogezea mpaka karibu na pua.

"Angalia hapa. Sasa angalia na hapa."

Kwenye laptopu kuna orodha ya vyakula vyake, imepangwa vizuri ndani ya jedwali: bukari (ugali), kuku, tomson (samaki), sombe (majani ya muhogo), lengalenga (mchicha), mchele, na pembeni ya kila kimoja bei ya sahani. Kwenye simu ya mteja kuna bukari, kuku, tomson, sombe, lengalenga, mchele.

Basi. Bei hakuna.

"Huyu papa anasema niko naficha bei," akasema, na papa mwenyewe, yule baba mwenye simu, alikuwa amesimama palepale mlangoni, kofia mkononi, anaangalia chini kwa haya. Alikuja kuulizia chakula cha arusi ya binti yake. "Mimi njo mutu wa kuficha bei?"

Wanaomjua wanajua. Huyu ni mama ambaye akikupa chenji pungufu ya franka 200 anakutumia mtoto mpaka kwenye kituo cha taxibus. Jina lake silitaji, hajanipa ruhusa, tumuite Mama Bukari.

Nilicheka kidogo, nikasema ni kitu kidogo hicho nitakirekebisha leo leo. Nikala, nikaenda. Wiki saba zimepita na hicho kitu kidogo bado kinanikosesha usingizi, kwa sababu nilipoanza kukivuta kama uzi wa sweta, nguo yote ilikuja.

## Sentimita 16

Paji ile, yaani ukurasa wa intaneti wenye orodha yake, nilimtengenezea mimi. Ndiyo kazi yangu, natengenezea watu wadogo paji ndogo za intaneti: wapishi, mafundi cherehani, kwaya, shule. Na juu ya kila paji naweka edita rahisi, ile ya kuona kwa macho, unaandika kama unavyoandika barua, unabonyeza batani ya herufi nene, unachagua rangi, unaweka picha, unasevu. Hakuna kujua HTML, ile lugha ya kuandikia paji. Batani kama kumi na mbili hivi. Jina la edita yenyewe nalo naliacha, maana mtaona mbele kwamba kesi haikuwa yake.

Usiku ule umeme ulirudi karibu saa nne, nikafungua paji kuangalia bei zilienda wapi.

Zilikuwepo. Zilikuwa zimekaa nje ya skrini.

Iko hivi. Mama alikuwa ameenda kwa kijana wa fotokopi, yule kijana akampigia orodha ndani ya Word, jedwali safi kabisa, wakalichapisha kwenye karatasi ya kubandika ukutani. Mama akapenda. Akaomba faili, akarudi nyumbani, akanakili, akabandika ndani ya edita. Na edita ikapokea kila kitu kama kilivyo, pamoja na kile kisichoonekana: Word ilikuwa imeandika upana wa jedwali kwa kipimo cha karatasi. Karatasi ya A4 ina sentimita 21, toa pambizo mbili na nusu kila upande, inabaki 16. Kwa hesabu ya skrini hizo ni pikseli 604 hivi, yaani vile vidoti vinavyojenga picha ya skrini. Simu nyingi za hapa mtaani zinajihesabu kuwa na upana wa pikseli 360. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimeiagiza paji kwamba chochote kinachozidi upande wa kulia kikatwe, ili watu wasiyumbeyumbe kushoto kulia na kidole.

Kwa hiyo safu ya bei ilianguka nje ya dunia, na hata ukivuta kwa kidole huifikii.

Dakika tatu, nikatoa vile vipimo, bei zikarudi. Nikachukua simu nikamtumia Mama vokali, yaani ujumbe wa sauti, nikalala nikiwa nimejipongeza.

## Akaacha

Baada ya hapo hakuigusa tena ile paji.

Sikuona mara moja. Nilichoona ni kwamba ujumbe umeanza kuingia kwa WhatsApp: "Papa, weka kuku dola 7." "Papa, toa mchele wiki hii." "Papa, andika Jumapili tunafunga." Nikawa naweka, natoa, naandika. Na nikiri tu, mwanzoni nilifurahi, maana kumuwekea mwenyewe ni dakika moja na kurekebisha alichovuruga ni nusu saa, nani asiyependa.

Halafu siku moja niko kwenye foleni ya kununua yunite, ujumbe wake wa nne siku hiyo unaingia, nikajiuliza: sasa ile edita niliiweka ya nini?

Mama huyu anaendesha karamu za watu mia tatu. Anajua kwa kichwa mfuko wa makala, yaani makaa, unaenda mbabula ngapi. Aliiacha kwa nini batani ya herufi nene?

## Nikaanza kuuliza watu

Nina wateja wengine wenye edita ileile. Sijawahi kuwauliza wanaionaje, ukweli ndio huo, nilikuwa nawauliza tu "inatembea?" na wao wanasema "inatembea", kama mtu anayekuuliza habari huku anapita. Safari hii nikawafuata mmoja mmoja, nikakaa, nikanyamaza.

Mwalimu wa sekondari, wa fizikia, anaweka mazoezi ya wanafunzi kila Ijumaa. Yeye anaipenda. Akaniambia edita ni kama ubao, anaandika, anafuta, anaandika tena, na ubao haujawahi kumuuliza "una hakika?" Ila kanuni zake zenye mraba na kipeo anaziandika kwenye daftari na kuzipiga picha, kwa sababu edita haina batani ya hizo, na wala hakuwahi kunilalamikia. Alifikiri ndivyo intaneti ilivyo.

Sekretere wa kwaya naye anaipenda, tena sana, na huyu ndiye aliyenitisha. Amejaza picha. Picha moja aliivuta kwa pembe mpaka ikawa ndogo kama kiberiti, akasema ona nimeipunguza. Nikaiangalia: pikseli 4000 kwa 3000, megabaiti 5, uzito uleule iliotoka nao kwenye kamera. Jicho linaona kiberiti, simu ya mtu inavuta gunia. Zidisha kwa picha thelathini. Waumini wanaofungua paji ile wanamaliza mega zao kwa nyuso ambazo hata hazionekani vizuri, na sekretere anashangaa kwa nini watu wanasema paji ni nzito wakati picha zote ni ndogo.

Mpwa wangu, anayesoma informatiki, maoni yake nilikuwa nayajua kabla sijauliza. Edita ya kuona ni ya wavivu, mtu wa kweli anaandika HTML kwa mkono, zile batani zinazalisha takataka, na kadhalika, akafungua na skrini nyeusi kunionyesha. Sehemu kubwa ya aliyosema ni kweli. Nikamwambia basi nionyeshe paji yako. Ina jina lake, ina picha ya machweo, na imeandikwa "inakuja hivi karibuni" tangu mwaka juzi.

Kijana wa fotokopi, yule wa jedwali, alinijibu bila kuinua macho kwenye mashine: "Mimi nataka edita ya batani moja tu, Rudisha." Nikamwambia ipo, ule mshale uliopinda. Akasema, "Ile inarudisha tu mbele ya kusevu. Ukishasevu, njo umekufa." Kwa edita nyingi yuko sahihi kabisa. Ule mshale unakumbuka mpaka ufunge dirisha, ukifunga na kumbukumbu imeondoka.

Mwishoni nikarudi Kamalondo.

Mama alikuwa anachagua lengalenga. Nikauliza kwa njia ya kuzunguka, yeye akajibu moja kwa moja.

"Ile mashini inakulaka bintu byangu."

Inakula?

"Naandika, naona iko muzuri, nasevu, nalala. Asubui naangalia, hakuna. Imekula."

Mara moja?

Akaniangalia kama ninavyomwangalia mtu anayeniuliza kama umeme unakatika. "Mingi."

## Karatasi ya Alto

Hapa nitoke nje ya jiko kidogo, kwa sababu usiku ule sikulala, nikawa nasomasoma, na kuna kitu nilikiona ambacho kilinikaa.

Ile ahadi ya edita za namna hii, unachokiona ndicho utakachopata, haikuzaliwa kwa ajili ya intaneti. Ilizaliwa kwa ajili ya karatasi. Mwaka 1974, huko California, kwenye maabara ya Xerox PARC, Butler Lampson na Charles Simonyi na wenzao walitengeneza programu inaitwa Bravo, ikitembea juu ya kompyuta inaitwa Alto. Skrini ya Alto ilisimama wima, kwa umbo la karatasi, pikseli 606 kwa upana na 808 kwa urefu. Unaona herufi pale, unachapisha, zinatoka vilevile. Ahadi ilikuwa inatimizika, kwa sababu mwisho wa safari kulikuwa na kitu kimoja tu, karatasi, na karatasi ni ileile mkononi mwangu na mkononi mwako.

Halafu Simonyi akahamia Microsoft mwaka 1981, akaongoza kazi iliyozaa Word.

Word ileile. Jedwali la Mama Bukari, pikseli 604, lingekaa ndani ya skrini ya Alto kama mguu ndani ya kiatu chake. (Ni bahati tu ya hesabu, najua, lakini nilicheka peke yangu saa nane ya usiku.) Lilikuwa jedwali la karatasi, likaangukia kwenye simu ya papa wa arusi ambayo haijawahi kuwa karatasi.

Kingine. Tim Berners-Lee, aliyebuni intaneti ya paji, alipoandika brauza ya kwanza kabisa, yaani programu ya kufungulia paji, mwaka 1990, kule CERN, kituo cha utafiti wa fizikia, Uswisi, brauza yenyewe ilikuwa pia edita. Kusoma na kuandika dirisha moja, kwa macho, bila kuandika msimbo kwa mkono. Ila ilitembea tu kwenye kompyuta za NeXT, ambazo wachache sana walikuwa nazo, na brauza zilizokuja kuenea baadaye, kama Mosaic ya 1993, zilikuwa za kusoma. Watu wakapewa macho, mikono ikabaki kwa wenye kujua HTML.

Yaani kwa watu kama mimi.

Ile sentensi niliiandika kwenye daftari, nikaipenda, na sikuielewa mpaka wiki iliyofuata.

## Hata wakubwa walipigiwa kelele

Nilitafuta pia kujiliwaza. Nilitaka kuona kwamba watumiaji wanalalamika popote pale, hata mbele ya edita zilizotengenezwa na watu wenye pesa na wakati.

Wanalalamika. Julai 2013 Wikipedia ya Kiingereza iliwawekea wahariri wake edita mpya ya kuona, kusudi watu wapya wasiogope zile alama za mabano, na wazoefu wakawaka: ni nzito, inaharibu kurasa, inaingiza alama ambazo hakuna aliyeziomba. Septemba mwaka uleule ikarudishwa kuwa ya anayetaka. WordPress nayo, programu ya kutengenezea tovuti, tarehe 6 Desemba 2018, ilitoa toleo la 5.0 lenye edita ya vipande vipande, na watu wakaimwagia nyota moja moja, na ile plagini (programu ndogo ya kuongezea) ya kurudisha edita ya zamani ikafika kuwekwa kwenye tovuti zaidi ya milioni 5.

Na mimi ni mmoja wao! Ile Desemba niliiweka plagini ile siku ya pili tu. Nilikuwa na hasira kama mtu aliyehamishiwa kitanda bila kuulizwa. Ukiniuliza kwa nini, ningekupa sababu za kifundi, uzito, kasi, vipande vinavyohama. Lakini nikikumbuka vizuri, kilichoniuma ni kwamba nililala nikijua vitu vyangu viko wapi, nikaamka mtu amevipanga upya.

Mwalimu wa fizikia asiyejua kwamba anaweza kulalamika, na mimi niliyelalamika siku ya pili. Tofauti yetu hapo si edita. Mimi kikiharibika kitu nasema programu ni mbaya. Wao kikiharibika kitu wanasema wao ndio hawajui.

Isipokuwa Mama. Mama peke yake ndiye aliyesema mashini inakula. Na mimi sikumwamini.

## Sekunde 40

Kabla ya kuikagua mashini niliisikiliza ile vokali niliyomtumia usiku wa bei. Ilikuwa bado iko kwenye simu, sekunde 40.

Sijui kama umewahi kujisikiliza ukimweleza mtu kitu unachokijua na yeye hakijui. Usijaribu ukiwa na njaa.

"Mama, jioni njema. Sasa, ulifanya nini pale? Ulibandika kutoka Word, si ndiyo? Usibandike kutoka Word. Nimesharekebisha. Lakini siku nyingine ukitaka kuweka kitu cha namna hii niulize kwanza, sawa? Kwa sababu ukigusa gusa unaweza kuharibu yote."

Sauti yenyewe ilikuwa ya upole, tena sana, sauti ya daktari anayezungumza na mtoto. Ulifanya nini pale. Mama wa miaka hamsini na kitu, aliyenilisha kwa deni miezi mitatu nilipokuwa sina kazi, namuuliza ulifanya nini pale, wakati aliyeamuru kitu kikatwe upande wa kulia ni mimi, na aliyeweka edita inayokubali kubandikwa bila kuchuja ni mimi, na batani ya kubandika niliiweka mimi ikiwa inang'aa katikati.

Ukigusa gusa unaweza kuharibu yote. Baada ya maneno hayo ni nani angegusa?

Nikafikiri nimepata jibu, na kama makala hii ningeiandika siku ile ingeishia hapa, na ingekuwa nusu ya uongo.

## Mashini inakula

Ilibaki ile nyingine. Naandika, nasevu, asubuhi hakuna.

Nilianza kama fundi anavyoanza. Labda kashe, yaani kivinjari kinamwonyesha paji ya jana. Hapana. Labda umeme ulikatika katikati ya kusevu, kitu cha kawaida hapa. Hapana, sehemu zingine za siku ileile zilisevika. Labda edita inachuja rangi, maana nyingi zinafanya hivyo, unaweka mtindo na wakati wa kusevu inautupa kimyakimya. Nikaandika neno kwa rangi nyekundu, nikasevu, nikafunga, nikafungua. Jekundu, linaniangalia.

Siku mbili nilipoteza kwa hilo.

Siku ya tatu nikafungua historia ya matoleo. Kila ukisevu, mfumo unaweka nakala kimya, na tarehe, na saa, na jina la aliyesevu. Ipo tangu siku ya kwanza. Mama hakuwahi kuiona kwa sababu nilikuwa nimeificha kwenye akaunti yake, eti isimchanganye.

Saa moja na dakika 20 jioni, Mama. Ameandika mstari juu kabisa ya paji, herufi kubwa, nyekundu, katikati: KARIBUNI BOTE CHAKULA NI YA MOTO MUNGU ABABARIKI.

Saa tano na dakika 12 usiku, mstari umefutwa. Jina pembeni ni langu.

Siku mbili baadaye, Mama, mstari uleule, safari hii nyekundu na kijani. Usiku, umefutwa, jina langu. Wiki iliyofuata, Mama. Usiku, mimi. Nikashuka na orodha kwa kidole kama mtu anayesoma majina ya mtihani, na huku masikio yanapata moto.

Mara tisa.

Nilikuwa nakumbuka, na sikuwa nakumbuka. Nina kawaida ya usiku, kabla ya kulala napitia paji za wateja, nasafisha. Hivyo ndivyo ninavyoita mwenyewe, kusafisha. Mtu ameacha mistari mitupu sita, naitoa. Ameweka herufi kubwa zinazopiga kelele, nazishusha. Rangi nyekundu juu ya rangi ya chungwa, haki ya Mungu haisomeki, naitoa. Nafanya bila kufikiri, kama unavyookota karatasi kwenye ua. Sikuwahi kugundua kwamba naokota karatasi ileile, na kwamba kuna mtu kila mara anairudisha, baada ya siku nzima mbele ya moto, anakaa na laptopu ya binti yake, anatafuta herufi moja moja kwa kidole, K, A, R.

Mwalimu wa fizikia alisema edita ni ubao. Kumbe wa Mama ulikuwa ubao ambao kila usiku mtu anaingia darasani na kitambaa.

Na mimi ndiye niliyeandika kwenye daftari kwamba mikono ilibaki kwa wenye kujua HTML. Nilikuwa nafikiri naandika habari za Uswisi.

## Nikaenda kusema

Kwenda kusema ilinichukua siku nne. Nikijidai nina kazi.

Nilifika mchana, si saa ya wateja. Nikafungua laptopu juu ya mfuko wa unga, mahali palepale, nikamwonyesha historia, nikamweleza kila mstari ni nini. Alikuwa anafuata kwa mwiko wa bukari, bila kugusa skrini.

"Huyu ni mimi."

"Ndiyo, Mama."

"Na huyu?"

"Huyu ni mimi."

Akashuka na mwiko mpaka chini. Akapanda nao tena mpaka juu.

"Njo weye."

"Njo miye, Mama. Naomba unisamehe."

"Mara tisa."

"Mara tisa."

Alinyamaza, nikasikia makala yanapasuka kwenye mbabula. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitarajia, maana nilikuwa nimejiandaa kwa matusi au kwa kicheko. "Unaweza kuingia humu saa yote? Hata sasa hivi, mi nikiwa naandika?" Nikasema naweza. "Na mi naweza kuona kama uliingia?" Nikasema kuanzia leo, ndiyo. "Na nikiharibu?" Nikambonyezea toleo la wiki tatu zilizopita, paji ikarudi ilivyokuwa. Nikabonyeza la leo, ikarudi ya leo. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nimpishe, akabonyeza yeye, mbele, nyuma, mbele, nyuma, kama mtoto na swichi ya taa.

Halafu akafuta kila kitu. Paji nzima, nyeupe. Akasevu, akaniangalia usoni, si kwenye skrini. Akairudisha.

"Sawa," akasema. "Sasa weye toka mu yangu."

Nikajitoa. Akaunti yangu sasa inaweza kugusa mitambo ya nyuma tu, maandishi hayanihusu. Ile amri ya kukata upande wa kulia nimeitoa, na ukibandika kitu kutoka Word sasa vipimo vyake vinabaki mlangoni. Kwa sekretere wa kwaya nimeweka kitu kinachopunguza picha yenyewe, si kivuli chake. Mwalimu nimemtafutia batani ya kanuni, bado inasumbua. Na kwa wote nimefungua historia. Wawili walinipigia usiku uleule kuuliza huyu mwenye jina langu anafanya nini kwenye paji zao, na hayo ni mazungumzo mengine niliyoyamaliza kwa shida.

Ule mstari upo juu kabisa pale, mwekundu na kijani, na sasa ameongeza nyota pande mbili. Haufai kabisa juu ya rangi ya chungwa. Niliufungua jana kwenye simu yangu nikauangalia mpaka skrini ikazima.

Siku ile ya kuomba msamaha nilikula hapohapo. Sahani ikaja na binti yake, si yeye mwenyewe. Bukari, lengalenga, pilipili pembeni. Tomson haikuwepo. Nikatafuta hata chini ya mboga, haikuwepo, na sikuuliza.

Nilipomaliza nikauliza bei. Ikawa ileile iliyoandikwa kwenye paji, pamoja na tomson.